Mlengwa wa Kwanza Alikuwa Ndege

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni mbele ya wasomaji wenzangu hapa Dodoma mjini. Waliokosa kufika kwa sababu ya misiba, harusi na usafiri wameniomba niiandike yote. Nimeiandika kama nilivyoisema, utani ukiwemo.

Mbukwenyi!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioacha meza zenu sokoni Majengo mkaja kukaa kwenye viti hivi vya plastiki, asanteni sana. Vijana wa vyuo, karibuni. Najua baadhi yenu mmevutwa na tangazo lililosema kutakuwa na chai na karanga. Karanga zipo, na nimeomba ziletwe kwa makusudi. Msizimalize kabla sijafika Kongwa.

Mada niliyopewa ni ndefu kama treni ya mizigo: maendeleo ya kimataifa, urithi wa ukoloni, uongozi baada ya uhuru, na namna ya kuyasoma yote hayo kwa jicho lisilolala. Nilipoletewa barua nikasema jamani, mimi si mchumi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimestaafu, nafuga kuku. Ninachokijua ni sentensi: nani katenda, nani katendwa, kitenzi kiko wapi. Wakaniambia njoo na hicho hicho. Basi nimekuja nacho.

Tuingie darasani kidogo. Kuhama. Kuhamisha. Kuhamishwa. Anayehama anafunga mzigo wake mwenyewe na anajua aendako. Anayehamisha ana lori. Na anayehamishwa je? Anayehamishwa huambiwa lori litafika saa ngapi.

Mtoto wa kidato cha pili anazijua kauli hizi, anazijibia mtihani, kisha anazisahau. Mimi nawaomba mzikumbuke kila mnaposhika andiko la mradi, liwe la serikali, la shirika, la benki, hata la kanisa. Chukueni kalamu muhesabu. Wananchi watahamasishwa. Wataelimishwa. Watajengewa uwezo. Watashirikishwa. Mmewahi kusoma mahali wananchi wakakataa? Wakauliza bei? Wakasema rudini wiki ijayo, sasa hivi tunavuna? Mwananchi wa kwenye karatasi hana kitenzi chake mwenyewe. Kila kitu anafanyiwa.

Na hilo la kushirikishwa lina ujanja wake. Kushiriki nakujua: jirani kafiwa, nimekwenda, nimechota maji, nimelala matangani. Ukinishirikisha, hapo shughuli ni yako. Na nikishirikishwa, shughuli ni ya mtu ambaye sentensi imemficha nyuma ya mlango.

Halafu kuna neno walengwa. Tumelizoea mpaka limekuwa tamu mdomoni: "Sisi ni walengwa wa mradi." Tuliokulia vijijini kulenga tulikujua mapema. Una manati, una jiwe, umefumba jicho moja. Mlengwa wa kwanza niliyemfahamu mimi alikuwa ndege. Na hakushirikishwa!

Chekeni, chekeni. Lakini leo mkirudi nyumbani mjiulize manati ameshika nani.

Ndugu zangu, wazee wa Ugogo wana majina ya njaa zao kama watu wengine wanavyokuwa na majina ya wafalme. Njaa kubwa kuliko zote waliiita Mtunya. Ni ya miaka ya 1917 hadi 1920, na inakadiriwa iliua watu 30,000 hivi katika nchi hii yetu ya katikati. Mathias Mnyampala, mshairi wetu aliyekuja kuandika historia ya Wagogo kwa Kiswahili, alizaliwa katika mwaka wa kwanza wa balaa hilo, huku huku kwetu.

Sasa angalieni namna inavyosimuliwa. "Njaa iliingia Ugogo." Mmeisikia sentensi hiyo? Njaa iliingia. Kana kwamba njaa ina miguu, ilishuka stesheni, ikauliza njia. Au: "Chanzo kilikuwa ukame." Ukame ulikuwepo, sikatai. Mvua zilikataa. Lakini Wagogo wamekaa na ukame tangu kabla ya kalenda. Walikuwa na ng'ombe, walikuwa na mtama ghalani, walikuwa na jamaa wa mbali wa kukimbilia. Miaka ile ya Vita Kuu ya Kwanza majeshi yalipita hapa. Wajerumani walichukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua wanaume kuwa wapagazi. Walipoondoka Wajerumani wakaja Waingereza, nao walikuwa na askari wa kulisha na mizigo ya kubebwa. Mvua ilipokataa, ghala lilikuwa limeshafagiliwa na kijana wa kulima alikuwa njiani na risasi kichwani. Risasi za kubeba, nawaambia, kasha zima.

Kwa hiyo ukame ni wa Mungu. Ghala tupu ni la nani? Msomaji makini akikuta "njaa iliingia" anarudi nyuma anatafuta aliyefungua mlango.

Sasa karanga. Nani bado anazo? Haya, shikeni moja moja mkononi, msiile kwanza.

Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa haina mafuta ya kupikia. Majarini ilikuwa ya mgao. Mwaka 1946 bwana mmoja wa kampuni ya United Africa Company, Frank Samuel, akatoa wazo: tulime karanga Afrika Mashariki kwa matrekta. Serikali ya Uingereza ikatuma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield. Walitumia wiki tisa, na sehemu ya nchi waliitazama kutoka kwenye ndege. Wiki tisa! Mchumba wa Kigogo anachunguzwa muda mrefu kuliko huo.

Waliporudi walikuwa na andiko. Ekari 3,210,000. Mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na Kongwa yetu ndipo kazi ingeanzia. Gharama kama pauni milioni 24. Kila kitu kimehesabiwa. Mimi huwa naogopa andiko ambalo kila kitu kimehesabiwa, kwa sababu anayejua shamba anajua kuna safu lazima uiache wazi.

Hawakuhesabu nini? Hawakuhesabu udongo wa Kongwa, ambao mvua ikipita unakuwa kama saruji. Karanga, mnajua wenyewe, inazalia chini. Unang'oa. Utaing'oaje kwenye saruji? Hawakuhesabu mizizi ya vichaka vya pale, inayokula majembe ya trekta kama muwa. Hawakuwa na kumbukumbu za mvua za miaka ya kutosha. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru, na yakalala porini yakisubiri vipuri. Mwaka 1947 wafanyakazi wakagoma, maana maisha yalikuwa yamepanda na mshahara umekaa chini. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafunga kitabu. Pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Karanga zilizovunwa hazikufikia hata mbegu walizonunua.

Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa kila mahali, na inasimuliwa kama kichekesho: Wazungu wajinga, vifaru vinalima karanga. Nami nimeisimulia darasani hivyo hivyo miaka mingi, wanafunzi wakicheka. Siku moja msichana mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono. Akaniuliza: "Mwalimu, na wale waliokuwa wanalima na kuchunga pale kabla ya trekta walikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kuhusu pauni, nimesoma kuhusu mibuyu, nimesoma kuhusu waziri aliyesulubiwa bungeni London. Nilijua hata jina la waziri, John Strachey. Sikumjua mchunga ng'ombe mmoja wa Kongwa. Hata kucheka kwetu kulikuwa ni kucheka kwa kuazima, maana hasara tuliyokuwa tunaihesabu ilikuwa ya mlipakodi wa Uingereza. Hesabu ya Mgogo haikuwa imefunguliwa hata daftari.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la msomaji liwe hili: ikikosewa, analipa nani? Siyo nani anafadhili. Nani analipa ikikosewa. Frank Samuel hakulala njaa. Wakefield hakulala njaa. Nchi ile ilikwanguliwa vichaka vyake, na waliobaki kuishi na ardhi iliyokwanguliwa walikuwa hapa.

Niongeze jambo, kwa sababu watu wa Kongwa mpo hapa na sitaki mniondokee na picha mbaya. Tangu 1964, Kongwa hiyo hiyo iliyoachwa na karanga ilikuwa kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO wa Msumbiji walikuwa pale, ANC wa Afrika Kusini walikuwa pale, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola. Nchi kadhaa za kusini zina viongozi waliokunywa maji ya Kongwa. Andiko gani la mradi liliandika hilo? Hakuna. Nalo neno kongwa, mnajua maana yake kwa Kiswahili, ni ule mti wa kufunga shingo za watumwa. Sisemi jina la mji limetoka huko. Nasema tu kwamba Kiswahili nacho kina masihara yake.

Tuache Wazungu sasa. Hapa ndipo wengi wangependa nimalizie, tupige makofi, tunywe chai. Mkoloni alikosea, mkoloni kaondoka. Lakini mada inasema na uongozi baada ya uhuru, na mimi nilikuwepo.

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka saba. Tulikaa upande wa Bahi, kwenye tembe ya babu, na bibi alikuwa na shamba la mtama ubavuni mwa zizi. Ng'ombe walilala pale, samadi ikajaa pale, mtama ukasimama pale kuliko kichwa cha mtu mzima. Ikaja Operesheni Dodoma, ile ya serikali ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Lori likapakia milango, vibuyu, kinu, na sisi watoto tulioona raha maana hatukuwa tumewahi kupanda gari. Tukashushwa kwenye kijiji kilichopimwa kwa kamba, nyumba zimenyooka kama mistari ya daftari. Haikuwa mbali. Saa moja na nusu kwa miguu.

Bibi alipanda mtama mwaka ule kwenye udongo mpya. Ukatoka mwembamba kama nywele za mgonjwa. Basi akaanza safari. Alfajiri anaamka, anachukua debe, anarudi kwenye zizi la zamani, anajaza samadi iliyokauka, anaibeba kichwani mpaka shamba jipya. Debe moja kwa siku. Namwona mpaka leo: vumbi la samadi limemwingia kwenye kope, anaweka debe chini, anapiga chafya mara tatu, anasema, "Zizi limekataa kuhama." Hakusema neno lingine la siasa kwa miaka yote niliyoishi naye.

Sasa someni pamoja nami. Mwaka 1967 Azimio la Arusha linasema tumekosea kuchagua fedha kuwa silaha yetu wakati fedha ndicho kitu tusichokuwa nacho. Linasema ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mimi nalipenda andiko lile mpaka kesho. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere anaandika kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, wanaweza tu kujiendeleza wenyewe. Mmesikia sarufi hiyo? Ameikataa kauli ya kutendwa waziwazi! Hakuna kiongozi aliyeisema vizuri zaidi. Halafu Novemba 1973 inatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na mamilioni ya watu nchi nzima wakahamishwa. Mtu yule yule. Kalamu ile ile. Miaka mitano.

Nifanyeje na hapo? Wako wanaosoma 1968 peke yake wakamfanya malaika. Wako wanaosoma 1973 peke yake wakamfanya shetani. Wote wawili wamesoma nusu ukurasa. Mimi nawaambia msome mwaka ulio katikati, ambao watu huuruka: 1972. Mwaka huo ilikuja sera iliyoitwa Madaraka Mikoani. Jina zuri kama kanga mpya. Lakini ulizeni, madaraka yalikwenda mikoani kwa nani? Halmashauri zilizochaguliwa na watu zilifutwa. Madaraka yalishuka kutoka Dar es Salaam yakafika kwa wakuu wa mikoa na watumishi walioteuliwa, yakaishia hapo. Na ushauri wa muundo huo ulitolewa na nani? McKinsey, kampuni ya washauri kutoka Marekani. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Mwaka huo huo ndipo ulipotoka mpango mkuu wa makao makuu mapya, Dodoma hii, mji mkuu wa ujamaa, na waliouchora ni kampuni ya Toronto, Kanada.

Sisemi Mmarekani asitushauri, wala Mkanada asituchoree ramani. Nasema hivi: mkoloni alipoondoka aliacha kiti na aliacha kalamu. Tuligombania kiti. Kalamu hatukuiangalia imeandikiwa upande gani. Ile kalamu imezoea kuandika kutoka juu, na ukiishika bila kuigeuza itaandika kutoka juu hata mkono ukiwa mweusi, hata moyo ukiwa safi. Na moyo wa yule mzee ulikuwa safi. Kijijini Chamwino alifyatua matofali na watu. Kilichokuwa kimeondoka ni vyombo vya kumwambia hapana. Diwani wa kusema bibi fulani ana zizi pale, mwacheni avune kwanza, hakuwepo tena. Mwalimu mwenyewe baadaye alikiri kuwa kufuta serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa. Ni viongozi wangapi mnaowajua wamewahi kukiri kosa lenye jina?

Na bado hesabu haijafungwa. Katika kijiji kile cha kamba palijengwa shule, na ndiyo iliyonitoa mimi. Kama tungebaki kwenye tembe, leo nisingesimama hapa kumkosoa mtu. Bibi alipoteza samadi, mimi nikapata shule. Nani apige hesabu hiyo? Mimi nimejaribu miaka hamsini, nimeshindwa. Nawashukuru wanaoipiga kwa ukurasa mmoja.

Bibi naye aliingia kisomo cha watu wazima. Akajua a, e, i, o, u akiwa na wajukuu. Wakati huo ulikuwa wa ukame mkubwa wa 1974, tukala ule unga wa njano ulioitwa unga wa Yanga. Gunia likabaki, limechorwa mikono miwili inayosalimiana na maneno ya Kiingereza. Siku moja nikamkuta bibi amelitandika mapajani, kidole kinafuata herufi moja baada ya moja, anatamka silabi kwa Kiswahili. Akafika mwisho. Akaniambia, "Nimesoma lote, lakini halijasema kitu." Kisha akaonyesha ile mikono. "Hii miwili, wetu upi?"

Wazee, mimi nimesoma vitabu vizito. Nimemsoma Walter Rodney, ambaye kitabu chake cha 1972 kuhusu namna Ulaya ilivyodumaza Afrika kilitoka akiwa anafundisha Dar es Salaam. Nimemsoma Frantz Fanon, yule daktari na mwandishi wa Martinique, aliyeonya mapema kwamba viongozi wapya wanaweza kuvaa koti la mkoloni likawaenea. Sijakutana na swali la kusomea msaada lililozidi lile la bibi.

Nitapita haraka miaka ya 1980, maana kila mtu ana majeraha yake. Mwalimu alibishana na Shirika la Fedha la Kimataifa mpaka akang'atuka 1985, na 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana nalo. Nawaachia neno moja tu la kuchunguza: kuchangia. Mchango tuliujua wa harusi na msiba, unatoa ulichonacho. Ghafla mgonjwa "anachangia" huduma na mzazi "anachangia" elimu, na asiyechangia anarudishwa mlangoni. Huo ulikuwa mchango au bei? Walijua wakiita bei tutagoma. Wakachukua neno letu la msibani.

Kondoa lazima niisimamie kidogo, maana pale ndipo msomaji mkali anapopimwa. Mmeyaona makorongo ya Kondoa? Ardhi imechanika kama shati kuukuu. Mkoloni alilazimisha watu wachimbe matuta na wapunguze mifugo, watu wakamchukia. Mwaka 1973 ikaja Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa fedha za Sweden. Mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Makumi elfu ya wanyama wakaswagwa nje.

Na nyasi zikaota. Miti ikarudi. Hapa ndipo baadhi ya wakosoaji wanapotoroka darasani, kwa sababu wanataka kila mradi wa amri ushindwe. Huu haukushindwa, nimesimama pale Kolo nimeona kijani kwa macho yangu. Basi mbona nauliza maswali? Nauliza kwa sababu picha ya kabla na baada inaonyesha kilima tu. Yule Mrangi aliyekuwa na ng'ombe sita, maziwa ya watoto wake yalikwenda wapi? Ng'ombe walioswagwa walikwenda kula nyasi za nani? Ni mpaka 1989 ndipo ng'ombe wa kufugwa ndani walipoanza kuruhusiwa. Miaka kumi, mtoto anazaliwa na kumaliza darasa la tatu. Mradi unaweza kufanikiwa na bado ukawa na deni. Mkisoma neno "mafanikio", tafuteni deni liko ukurasa gani.

Sasa nimewasema Waingereza, nimemsema Mwalimu, nimewasema Waswidi. Amebaki mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 niliajiriwa wakati wa likizo kuwa mkalimani wa shirika moja, jina lake nitaliacha. Wageni walitaka kuchimba kisima katika kijiji kimoja upande wa magharibi. Tukafika saa nane, jua la kupasua kichwa. Mkutano chini ya mbuyu. Kijiti chenye kitambaa chekundu kilikuwa tayari kimechomekwa mahali pa kisima, pembeni mwa barabara, kabla hata watu hawajakaa. Karatasi ya mahudhurio ikapita, watu wakaweka dole gumba, posho ikatolewa.

Mama mmoja mtu mzima akasimama. Akazungumza Kigogo kirefu, dakika tano nzima, anaonyesha kwa mkono huku na huku. Mkuu wa msafara akaniinamia: anasema nini? Mimi nilikuwa na njaa. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Posho yangu ilikuwa ya siku moja, siyo mbili. Nikasema, "Mama anashukuru sana."

Kwenye ripoti ikaandikwa jamii imeshirikishwa na imeupokea mradi kwa furaha. Niliitafsiri mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu. Nilipopita miaka miwili baadaye, pampu ilikuwa imeota kutu mkononi, na mbuzi wamelala kwenye kivuli cha tangi.

Vijana, nakala za andiko moja la mradi wa siku hizi zipo pale mlangoni, nimefuta jina la wenyewe. Kila mtu achukue moja na kalamu nyekundu. Zungushieni kila kitenzi ambacho mwananchi anafanyiwa. Pembeni andikeni nani anafanya, kama amefichwa andikeni amefichwa. Jumamosi ijayo tutasomeana hapa hapa, na wazee watakaa mbele, maana wao ndio wanaojua zizi lilikuwa wapi.

Na kabla ya chai, nina deni la dakika tano za Kigogo. Mama yule nasikia alishatangulia mbele ya haki. Naomba nimtafsiri leo, kwa kadiri ninavyomkumbuka. Alisema hivi:

"Wageni wetu, karibuni. Pale mlipochomeka kijiti, babu zetu walichimba. Maji yakatoka, yana chumvi. Ng'ombe wanakunywa, mtoto anaharisha. Maji matamu yako kule bondeni kwenye mikuyu, lakini kule gari lenu halifiki. Nyie mshuke kwenye gari. Ni mwendo mfupi, jua halitazama. Nitawapeleka mwenyewe."